Maji matupu, chumvi, siki au dawa ya maji: kipi kinaosha mboga kweli?

Mama mkwe akija kukaa kwetu, jikoni huwa sina sauti. Jumamosi moja alinikuta nimeloweka mchicha kwenye beseni, chumvi nimetia kiganja kizima kama nilivyokua nikimwona mama yangu akifanya. Muda ulipotimia nikaliinamisha beseni nimwage maji, mkono mmoja ukizuia majani yasianguke. Akaniangalia, akacheka.

"Sasa mwanangu, hapo umeosha nini? Mchanga ulishatulia chini, wewe umeuinua ukaumwagia mchicha tena."

Akavuta beseni la pili, akalijaza maji, akaunyanyua mchicha kwa mikono miwili na kuuhamishia humo. Chini ya beseni langu palibaki mchanga mwekundu wa kutosha kupandia kitunguu, na kiwavi mmoja wa kijani aliyekuwa bado anajikunja na kujikunjua, maji ya chumvi na yote.

Kiwavi huyo ndiye aliyenitia shaka. Kama dakika kumi za chumvi hazikumshinda yeye ninayemwona, hao nisiowaona je? Tangu siku hiyo nimejaribu njia zote ambazo majirani, shangazi na mitandao wanazisifia, na nimesoma nilichoweza kusoma. Mwenye haraka achukue hili aondoke nalo: mboga inayokwenda motoni inatoshwa na maji matupu, mara tatu, kwa kuinyanyua kutoka beseni hadi beseni. Itakayoliwa mbichi inaoshwa vivyo hivyo, ila maji yake ya mwisho yawe maji unayoweza kuyanywa. Siki, chumvi na vingine vina siku zao, na nitazitaja.

Jani linafika na nini

Mchicha wa genge la mtaani umepita mikononi mwa mkulima, mchukuzi, dalali wa sokoni na muuza genge mwenyewe. Mchana kutwa unanyunyiziwa maji usinyauke, kwa ile chupa iliyotobolewa kifuniko. Maji yale yamechotwa wapi, huwa hatuulizi.

Kwa hiyo jani linafika na vitu vya aina nne. Kuna udongo. Kuna wadudu wa kuonekana, yaani viwavi, vidukari na konokono wadogo. Kuna vijidudu na mayai ya minyoo, hasa pale shamba lilipotiwa samadi mbichi au kumwagiliwa maji ya mtaro. Na kuna dawa za shambani. Watu wanagombana kuhusu siki na chumvi kwa sababu kila mmoja ana adui wake kichwani: huyu anasema wadudu akiwa na maana ya viwavi, yule anasema wadudu akiwa na maana ya kipindupindu.

Moto unaua viwavi na vijidudu pamoja. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kifike nyuzi joto 70 mpaka ndani, na mchicha unaochemka kwenye sufuria umeshapita hapo. Kwa mboga ya kupika, basi, kazi ya maji ni kuondoa mchanga na kupunguza dawa, wala huna haja ya kuingia gharama. Shida yetu iko kwenye kachumbari, saladi, kabichi mbichi ya pembeni mwa chipsi, tango la kutafuna na embe la kumenya kwa meno.

Maji matupu

Njia hii inadharauliwa kwa kuwa ni ya bure, na ndiyo iliyonishangaza. Mwaka 2000 watafiti wa kituo cha kilimo cha jimbo la Connecticut, Marekani, walichapisha kazi yao ya kusuuza mboga na matunda kwa maji ya bomba tu kisha kupima mabaki ya dawa. Kati ya dawa 12 walizozichunguza, 9 zilipungua. Na kupungua huko hakukutegemea sana kama dawa yenyewe inayeyuka kwenye maji au haiyeyuki. Kinachofanya kazi ni mwendo wa maji na msuguano wa mkono.

Ndiyo maana kuloweka na kuondoka ukaangalie simu si kuosha. Nyanya isugue kwa vidole chini ya bomba, karoti na kiazi kwa brashi, tango kwa kiganja. Majani yatenganishe moja moja, hasa spinachi, chainizi na saladi ambazo uchafu hujificha kwenye shina. Kabichi ondoa majani ya nje mawili matatu kabla hujaanza.

Wenye bomba linalotoka wakati wote wana raha yao. Sisi wa madumu na tenki tunatumia mabeseni, na beseni halina ubaya likitumiwa vizuri. Maji yawe mengi kuliko mboga. Yatikise, yaache yatulie nusu dakika ili mchanga ushuke, kisha nyanyua mboga uhamishie maji mapya. Ukiona beseni la tatu bado lina mchanga chini, ongeza la nne. Mchicha wa masika, uliorukiwa na matope ya mvua, mara nyingi unalidai. Maji ya kwanza na ya pili yanaweza kuwa ya kisima kwa mboga ya kupika, na ukishamaliza mwagilia bustani.

Udhaifu wake ni mmoja na ni mkubwa: maji matupu hayawi safi kuliko yalivyotoka. Kama kisima chenu kiko hatua chache kutoka choo cha jirani, kuosha saladi kwa maji hayo ni kuipaka uchafu mpya.

Chumvi

Hapa najua nitagombana na watu. Chumvi inawasumbua viwavi na vidukari, wanalegea na kuachia jani, ingawa si wote, kama nilivyoona. Kwa kabichi, koliflawa na brokoli, ambako wadudu hujichimbia ndani ya mikunjo, dakika kumi za maji ya chumvi ni jambo la maana kabisa, na mimi bado nafanya.

Kwa vijidudu ni habari nyingine. Chumvi inayozuia kuoza ni ile ya ng'onda, inayomfunika samaki mpaka anakauka. Kiganja kimoja ndani ya beseni la lita kumi hakifiki popote karibu na hapo. Bakteria wa taifodi hatetereki, na yai la mchango, yule mnyoo wa tumboni, ndiyo kabisa. Halafu chumvi inavuta maji kutoka kwenye jani: uliyekusudia saladi ya kukatika kwa mlio unapata kitu kimelegea kama kitambaa.

Kwa mchicha wa kupika, basi, chumvi yako itie kwenye sufuria.

Siki, na ndimu

Siki ya dukani huwa na asidi kiasi cha asilimia 5. Kikombe kimoja cha siki kwa vikombe vitatu vya maji, loweka dakika tano hadi kumi, kisha suuza kwa maji safi. Tofauti na chumvi, siki inapunguza bakteria kweli. Inapunguza, haimalizi. Mayai ya minyoo haiyawezi.

Tatizo lake ni mfuko. Kwa beseni zima la majani unamaliza chupa kwa siku mbili, na usiposuuza vizuri chakula chote kinanuka achari. Mimi naiweka kwa ajili ya saladi ya majani, zabibu na pilipili hoho za kuliwa mbichi, vitu vya wageni. Tumia beseni la plastiki au bakuli la kioo, kwa sababu asidi inakula sufuria ya alumini.

Ndimu ina kisa chake. Guinea-Bissau ilipokumbwa na kipindupindu katika miaka ya 1990, watafiti walifuatilia nani ameugua na nani hakuugua. Wakakuta kwamba watu waliokuwa wakitia maji ya ndimu kwenye chakula chao kikuu, wali na mchuzi, waliugua kwa uchache kuliko wasiotia. Bakteria wa kipindupindu hapendi uchachu. Bibi zetu wa pwani waliokuwa wakikamulia ndimu karibu kila kitu kinachopita mezani hawakuwa na maabara, lakini hawakukosea. Kachumbari ikishakatwa ikamulie ndimu mapema, iache ikae kidogo kabla ya kula. Iwe nyongeza tu, maana nyanya isiyooshwa ndimu haiiokoi.

Bekingi soda

Hii ndiyo inayovuma sana kwenye video za jikoni, na kwa jambo moja inastahili: dawa za shambani. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Massachusetts kilichapisha utafiti wa matofaa yaliyopakwa dawa mbili, thiabendazoli ya kuzuia ukungu na fosmeti ya kuua wadudu. Maji ya bekingi soda yaliondoa dawa hizo juu ya ganda vizuri kuliko maji ya bomba, na vizuri kuliko dawa ya klorini ambayo viwanda huoshea matunda. Kipimo chao kilikuwa gramu 10 kwa lita, yaani kama vijiko viwili vya chai, na muda dakika 12 hadi 15. Lakini sehemu ya dawa iliyokwisha penya ndani ya ganda ilibaki mle mle.

Hapo ndipo pa kuelewa. Kuna dawa zinazokaa juu ya mmea na kuna zinazonyonywa mpaka ndani. Ile poda nyeupe au ya njano hafifu unayoiona kwenye nyanya za tenga, hasa kipindi cha mvua, mara nyingi ni dawa ya ukungu kama mankozebu, ambayo kazi yake ni kukaa juu. Hiyo unaweza kuisugua ikatoka. Dawa iliyonyonywa haina beseni la kuitoa. Dawa yake ni siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna, na siku hizo ziko mikononi mwa mkulima. Nimewahi kumuuliza muuza genge wetu kama nyanya zake zilisubiri. "Zilisubiri wapi tena dada? Zimekuja na gari la usiku." Tukacheka wote wawili, ila swali lilibaki pale pale.

Kwa vijidudu bekingi soda haina maajabu. Kwa hiyo ichague kwa nyanya, tofaa, hoho na tango, vitu vyenye ganda gumu vinavyovumilia kukaa majini robo saa. Na usiichanganye na magadi ya kuivishia kisamvu au mlenda, ni vitu tofauti.

Dawa ya maji, na jiki

Hapa tunaingia kwenye klorini, na hapa ndipo nilipojiaibisha. Nilikuwa na wageni, nikaona nifanye kama hotelini: nikamimina jiki kwenye maji ya saladi kwa kukadiria na jicho. Saladi ilikuja mezani inanuka bwawa la kuogelea. Shemeji yangu alikula kipande kimoja, akakiweka kando kwa heshima zote, akaomba pilau bila kitu.

Hoteli na viwanda vinatumia klorini, ni kweli, lakini kwa kipimo na kwa vikaratasi vya kupimia nguvu ya maji. Jiki ya dukani imetengenezwa kwa mashuka na sakafu. Nyingine zina manukato, nyingine zimefanywa nzito. Sishauri kuipeleka kwenye chakula kwa kubahatisha. Na usiikutanishe na siki hata siku moja, ukidhani mbili ni bora kuliko moja: zikichanganyika zinatoa gesi ya klorini, ile ile iliyotumiwa kama silaha huko Ypres mwaka 1915.

Dawa ya maji ya kunywa, vidonge au maji kama Waterguard, ndiyo ninayoichagua kwa nyumba isiyo na maji ya kuaminika. Itumie kwa kazi yake ile ile. Tia kwenye ndoo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, subiri nusu saa, na maji hayo yawe ndiyo ya mwisho kupita kwenye mboga yako mbichi. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na siki.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza, klorini inamalizwa na uchafu. Ukiitia kwenye maji yenye matope inapigana na matope, vijidudu vinabaki salama. Ndiyo maana inakuja mwishoni, mboga ikiwa imeshatoka mchanga wote. La pili, yai la mchango lina ganda ambalo klorini ya kiasi hiki hailipenyi. Vivyo hivyo usitegemee klorini kwa mayai ya tegu wa nguruwe, ambayo mtu akiyameza yanaweza kuishia kuwa malengelenge kwenye ubongo na kumletea kifafa. Mbulu, kaskazini mwa Tanzania, ugonjwa huo umechunguzwa kwa miaka mingi. Mayai ya aina hii yanaondolewa kwa mkono unaosugua na maji yanayotembea, au kwa moto. Ukiishi panapofugwa nguruwe wa kuzurura na vyoo ni vya mashaka, mimi ningeacha majani mabichi kabisa, nikapika.

Wasio na dawa ya maji wachemshe maji, wayaache yapoe ndani ya chombo chenye kifuniko. Inafaa sawa sawa, isipokuwa mkaa unaisha.

Sabuni

Usitumie. Majani na maganda yana vitundu vinavyoinyonya, na tumbo litakuambia. Sabuni ni ya mikono yako, kisu na ubao kabla hujaanza. Ubao uliokatia kuku ukishafutwa kwa kitambaa tu unaiharibu kachumbari yote, hata ungeiosha nyanya kwa maji ya Zamzam.

Kisichooshwa na chochote

Mwaka 1999 watafiti wawili walichapisha vipimo vya mboga za majani zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, Dar es Salaam, na kukuta metali nzito ndani yake, madini ya risasi yakiwemo. Metali inapanda na maji kupitia mizizi, inakaa ndani ya jani. Siki, bekingi soda, moto, vyote haviigusi. Njia pekee ni kujua mboga imetoka wapi, na kubadilisha unakonunua ili usile bonde lile lile mwaka mzima. Ukipata shamba linalojulikana, hata ukilipa shilingi mia mbili zaidi kwa fungu, lipa.

Kingine ni mbegu zilizochipushwa. Mwaka 2011 Ujerumani ilipata mlipuko wa bakteria uliougulisha karibu watu 4,000 na kuua zaidi ya 50. Kwanza walilaumiwa matango ya Hispania, wakulima wakatupa mavuno yao bure. Mwishowe ikaonekana ni uwatu uliochipushwa, huu huu uwatu wetu, mbegu zikiwa zimetoka Misri. Bakteria wanaokuwa ndani ya mbegu wanakua pamoja na chipukizi, hawatoki kwa kuosha. Choroko na uwatu uliochipua upitishe motoni.

Uoshe kabla ya kukata au baada?

Kabla. Hili halina mjadala kwa upande wa vitamini, lakini maisha yana mjadala wake. Kenya, mama mboga anakukatia sukuma wiki pale pale, nyembamba kama nyuzi, kisu kikiimba. Ni huduma nzuri kwa mtu anayetoka kazini saa moja usiku. Ukifika nyumbani unaiosha ikiwa imeshakatwa, na maji yanageuka kijani. Ule ukijani una vitamini C na folati ndani yake, vitu vinavyoyeyuka kwenye maji na kutoka kila jani linapokatwa. Kadiri vipande vinavyokuwa vidogo, ndivyo vitamini hizo zinavyotoka zaidi.

Ukipata nafasi, mwambie akupe majani mazima. Usipopata, chukua iliyokatwa, isuuze haraka bila kuloweka, pika kwa muda mfupi na maji machache, na maji ya mboga usiyamwage. Sukuma iliyopoteza nusu ya vitamini C bado inakupa nyuzinyuzi, vitamini A na madini. Isiyonunuliwa haikupi kitu.

Tikiti maji, embe, papai na parachichi navyo vioshe kabla ya kukata hata kama ganda unalitupa. Kisu kinabeba kilichoko juu na kukipeleka ndani. Bamia ioshe nzima, ikaushe kwa kitambaa, ndipo ukate, la sivyo mlenda wote unaishia kwenye sinki.

Na usioshe mboga ya siku tatu ukaiweka kwenye friji inachuruzika. Unyevu unaiozesha. Osha ya leo, au ikaushe vizuri kwenye chujio kwanza. Ndugu zetu wa Ulaya na Marekani wanaonunua saladi ya mfuko iliyoandikwa kwamba imeshaoshwa na iko tayari kuliwa hawana haja ya kuiosha tena. Sinki la nyumbani mara nyingi lina vijidudu vingi kuliko ule mfuko.

Halafu ni mboga ipi?

Tumeosha vya kutosha, tule. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, bila kuhesabu viazi, mihogo na mizizi mingine ya wanga. Nyumba ya watu wazima watano hiyo ni kilo mbili kwa siku. Nilipopiga hesabu hiyo nilielewa kwa nini fungu moja la mchicha kwa familia nzima, lile linalonywea kwenye sufuria mpaka linakuwa kama ngumi, ni kitoweo cha kusindikizia ugali, halijafika kuwa mlo wa mboga.

Mchicha, ambao Wakongo wanauita lengalenga na Wakenya terere, una karotini nyingi ambazo mwili unazigeuza vitamini A, pamoja na madini ya chuma. Lakini pia una oksalati nyingi inayoishikilia kalisiamu isiingie mwilini. Kwa kalisiamu sukuma wiki inaushinda vizuri, kwani oksalati yake ni kidogo. Aliyewahi kutolewa mawe ya figo na kuambiwa apunguze oksalati, sukuma na kabichi ni rafiki zake kuliko mchicha na spinachi.

Matembele nayapendea wepesi wake: unachomeka bua nyuma ya nyumba, linakupa majani mwaka mzima, na unajua limemwagiliwa maji gani. Kwa usalama wa dawa na maji machafu, hakuna kinachoshinda mboga ya uani. Hata ndoo tatu zenye udongo kwenye baraza la nyumba ya kupanga zinatosha kuanzia.

Kisamvu kina protini nzuri kwa mboga ya majani, lakini hakina haraka. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi inayotolewa kwa kutwanga na kuchemsha kwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi. Kwa hiyo vijidudu si hoja, vitamini C nayo imeshakwenda. Kiongezee kachumbari pembeni iliyooshwa kama tulivyosema.

Kabichi ndiyo ninayomshauri mtu aliye mbali na soko au anayekaa mwenyewe. Inakaa wiki, ukishatoa majani ya nje ndani huwa safi kuliko mboga nyingi, na bei haimuumizi mtu. Haina karotini za kufikia mchicha. Mnavu, mgagani na majani ya kunde na maboga yana mengi mema, na kwa bahati mbaya vijana wa mjini wanayaona ya kijijini.

Lolote utakalochagua, tia mafuta kidogo, nazi au karanga, kwa sababu karotini zinahitaji mafuta kuingia mwilini. Kamulia ndimu au weka nyanya ili chuma kiingie. Na ile chai ya rangi ya mara tu baada ya ugali isogeze mbele saa moja, maana inakizuia chuma hicho hicho. Anayetumia wafarini ya kuzuia damu kuganda asianze ghafla kula majani ya kijani kwa wingi bila kumwambia daktari wake, vitamini K iliyomo inaipunguza nguvu dawa. Mgonjwa wa figo naye aulize kwanza kuhusu potasiamu.

Ninavyofanya sasa

Kwenye rafu yangu kuna mabeseni matatu na ndoo moja yenye kifuniko na koki. Mchicha, matembele, sukuma: beseni, beseni, beseni, sufuria. Kabichi na koliflawa zinapata chumvi yao ya dakika kumi, kwa heshima ya mama yangu na kwa ajili ya viwavi. Nyanya za tenga zenye poda zinakaa robo saa kwenye bekingi soda kama ipo. Isipokuwepo nazisugua moja moja mpaka zinalia chini ya vidole. Vyote vya kachumbari vinamalizia kwenye maji ya ile ndoo, yaliyotiwa dawa tangu asubuhi. Siki inatoka kabatini wageni wakija.

Mama mkwe aliporudi mwezi wa saba alisimama mlangoni akanitazama nikinyanyua mchicha kwenda beseni la tatu. Hakusema kitu. Aliinama akachungulia chini ya beseni la pili, akapitisha kidole, akakitazama, kisha akaenda zake kukaa barazani.